Kaunta buku ya Mwalimu

Siku ya kwanza nilileta sambusa. Arobaini, za nyama na za viazi, kutoka kwa mama anayekaanga pale chini ya ngazi zetu. Nikaweka na chupa mbili za chai, nikawasha projekta ya kuazima, na kwa karibu saa nzima nikawaeleza wenzangu sita wa ofisi yetu ya tafsiri jinsi akili mnemba itakavyotupunguzia mzigo. Ilikuwa Juni 2023. ChatGPT ilikuwa imetoka Novemba ya mwaka uliotangulia, na kila mwenye ofisi niliyekutana naye alikuwa akiisimulia kama harusi ya mwanawe.

Wenzangu walisikiliza kwa adabu. Sambusa ziliisha. Nilipouliza kama kuna swali, Mwalimu alinyoosha kidole, kama walivyokuwa wakifanya wanafunzi wake zamani.

“Mwanangu, na ukurasa utalipwaje?”

Nikajibu bila kufikiri sana. Kwa kuwa rasimu itakuwa imeshatoka kwenye mashine, mfasiri atalipwa nusu.

“Haya, ahsante kwa chai,” akasema. Akarudisha kikombe kwenye sinia, akaenda mezani kwake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Niliondoka pale nikiamini nimeeleweka. Ilinichukua miezi mitatu kujua kwamba katika maneno yangu yote ya siku ile lilisikika moja tu, nalo ni hilo la nusu.

Ofisi yetu ni ndogo. Baba aliifungua mwaka 1994 karibu na mahakama za Kisutu, Dar es Salaam, akiwa na taipureta mbili na muhuri mmoja. Mimi nikairithi pamoja na madeni yake na Mwalimu wake, mzee aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Tunafasiri vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, viapo, mikataba ya viwanja, hukumu, ripoti za miradi. Mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kazi zilizidi: huyu anataka karatasi zake za Kiingereza ziwe Kiswahili, yule ana ndugu ughaibuni anayetaka za Kiswahili ziwe Kiingereza. Lakini namna ya kulipana haikubadilika tangu enzi za baba. Mshahara ni mdogo, wa kushikilia ajira tu. Kinachosomesha watoto ni kurasa. Kwetu mtu anajua kabisa kwamba kurasa mbili hizi ni luku, tano zile ni ada ya chekechea, na zile za ripoti ya mwisho wa mwezi ndizo kodi ya nyumba. Ukimwambia ukurasa sasa ni nusu, habari za teknolojia hazisikii tena. Ameshaanza kupiga hesabu ya kitakachokosekana nyumbani.

Mimi nikadhani wanaogopa kompyuta. Nikaandaa kikao cha pili, safari hii bila sambusa. Nikatuma video kwenye kundi letu la WhatsApp, zikapata dole gumba kutoka kwa kila mtu. Nikiuliza maendeleo naambiwa “tunaendelea nayo, dada.” Hakuna aliyegoma, hakuna aliyenuna. Kazi zikawa zinatoka kwa kasi ileile ya mwaka juzi.

Septemba nililetewa mkataba wa kupangisha nyumba nipige muhuri. Ukurasa wa kwanza una “ni muhimu kutambua kwamba”. Wa pili unayo tena. Wa nne unayo mara mbili. Aliyeifasiri ni kijana wetu, mdogo kuliko wote, mtoto wa Tandika, mtu wa “ieleweke kuwa” na “pasipo shaka”. Tangu nimfahamu hajawahi kuona umuhimu wa kutambua kitu chochote. Anayesoma Kiswahili cha mashine hizi kila siku atakuwa amekizoea kikohozi hicho. Nikamwita koridoni.

Alikiri haraka kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akiitumia tangu Julai, kwenye simu yake, kwa bando lake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini afiche kitu ambacho mimi nimekipigia debe miezi mitatu.

“Dada, ukijua naitumia si utanilipa nusu?”

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Kumbe ndivyo ilivyokuwa ofisi nzima. Vijana wanaificha ili wasipunjwe. Wakubwa hawaigusi, wasije wakaonekana hawajui mbele ya watoto. Na mimi katikati naripoti kwa wenzangu wa ofisi nyingine kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Kubaya zaidi kulikuja nilipomuuliza ameingiza nini na nini humo. Hukumu ya talaka yenye majina ya watoto na kiasi cha matunzo. Barua ya daktari. Kiapo cha mtu aliyepoteza pasi. Vyote kwenye akaunti ya bure, kwenye simu ambayo mdogo wake huichezea gemu jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mwezi mmoja kabla ya sambusa zangu. Nilikuwa nimeisoma. Katika saa nzima ya projekta sikuitaja hata kwa bahati mbaya. Nilipotaka kumkaripia kijana, maneno hayakupanda.

Oktoba ikawa zamu yangu.

Kiwanda kimoja kilituletea tangazo la zamu za walinzi, ukurasa mmoja, kutoka Kiingereza, la haraka. Nikasema hili nalifanya mwenyewe, niwaonyeshe. Dakika nne limekwisha, limepigwa muhuri, limekwenda. Zamu ya usiku ilitakiwa kuanza saa mbili usiku. Mashine ikaichukua 8 ya Kiingereza kama ilivyo, ikaandika “saa 8:00 usiku”, nami nikaipitisha kwa sababu sentensi ilikuwa imenyooka na nambari zilifanana. Hapo ndipo mtego ulipo: jicho linaona 8 huku na 8 kule, moyo unatulia. Walinzi wawili wageni walilitii tangazo kama lilivyo. Walifika langoni saa nane ya usiku, wakawakuta wenzao wa mchana wamekaa saa sita zaidi, na hasira za kutosha watu wanne.

Saa yetu inahesabiwa tangu jua linapochomoza, na mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Mashine imejifunza kwa maandishi, na huko kwenye maandishi watu wengi hubeba saa ya Kiingereza mzimamzima bila kuigeuza. Haikuwa na namna ya kujua kwamba kuna mlinzi atakayeamka usiku wa manane apande bodaboda kwa sababu yake. Mimi nilikuwa nayo.

Nilimwomba mteja radhi, nikalirudia bure. Ofisini sikusema kitu. Siku mbili nzima sikusema kitu. Siku ya tatu nilikuta nakala ya tangazo lile mezani kwangu, ile 8 imezungushiwa duara la penseli, penseli laini ya kusahihishia insha. Mwalimu alikuwa mezani kwake anamenya chungwa. Hakuinua uso.

Novemba yakaja yale ya mirathi, ambayo nikiyakumbuka hadi leo tumbo linanikaza. Familia ilihitaji muhtasari wa kikao cha ukoo uende kwa Kiingereza, kwa kuwa marehemu alikuwa na akiba kwenye benki moja Uingereza. Kikao cha namna hiyo ndicho kinachompendekeza msimamizi wa mirathi kabla ya kwenda mahakamani, na muhtasari wake unataja kila mtu na nafasi yake kwa marehemu. Mfasiri wetu mmoja alibadilisha majina kuwa herufi, kama nilivyokuwa nimeanza kudai baada ya yale ya simu, akaipitisha kwenye mashine, akarudisha majina, akaniletea. Nikaisoma. Kiingereza safi, cha kupeleka popote. Nilikuwa nimeshafungua kidau cha wino.

“Nipe niipitie kidogo,” Mwalimu akasema.

Mwalimu ana namna yake ya kuhakiki. Anashika karatasi ya asili, anamkalisha mtu mbele yake na tafsiri, halafu anamuuliza maswali kwa Kiswahili kana kwamba ndiye hakimu. Alimkalisha kijana wetu.

“Huyu anayependekezwa kuwa msimamizi ni nani wa marehemu?”

“Baba wa kambo.”

“Mimi hapa nina baba mdogo.”

Kijana akasogeza karatasi karibu na macho.

“Endelea. Wajane?”

“Kuna mke mkubwa, halafu… mke kijana.”

“Huyo kijana ana miaka hamsini na tisa, imeandikwa hapa.” Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu hakucheka. “Ndugu wa marehemu?”

“Kaka watatu.”

“Wataje.”

Akawataja. Wa pili na wa tatu yalikuwa majina ya kike.

Makosa matatu kwenye ukurasa mmoja, na hakuna hata moja lililokuwa likionekana ukisoma Kiingereza peke yake. Nakumbuka Google ilipoongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya tafsiri, mwaka 2009. Tulikuwa tukiifungua baada ya chakula cha mchana ili tucheke. Serikali ya mtaa ilitoka kama serikali ya barabarani, na ngeli zilikuwa zinagongana kama daladala za Kariakoo. Kosa la enzi zile lilikuwa linapiga kelele, hata mhariri aliyesinzia angeamka. La siku hizi limevaa suti, linakaa kimya katikati ya sentensi nzuri, linakungoja upige muhuri.

Mwalimu alifunga faili. “Mwanangu, kule benki baba mdogo ameshakuwa si damu, na dada wawili wameshakuwa wanaume. Polisi wakija hapa watamchukua nani? Muhuri huu una jina la baba yako.”

Ndipo nikaelewa kwamba tangu Juni nilikuwa naulizwa maswali mawili tu, bei na lawama, na yote mawili nilikuwa nayajibu kwa video.

Kikao kilichofuata hakikuwa na projekta. Nilianza kwa kufuta nusu. Chochote kinachopigwa muhuri kinalipwa ukurasa mzima, mashine imetumika au haikutumika, kwa sababu kazi iliyobaki ndiyo ngumu: kusoma maandishi matamu bila kuyaamini. Ripoti ndefu tukazihamishia kwenye malipo ya saa. Jambo hili liliniuma mfukoni, nisiseme uongo. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nalipa karibu kama zamani na kununua vifurushi juu yake. Ahueni ilikuja pale tulipoanza kupokea ripoti za kurasa 80 na 90 ambazo zamani tulikuwa tunazikataa kwa kukosa watu. Na talaka, hospitali na watoto haviingii kwenye mashine yoyote, hata kwa herufi. Hilo halikujadiliwa.

Kisha Mwalimu akatoa kwenye mkoba kaunta buku mpya ya kwaya tatu. Alikuwa ameshaipigia mistari kwa rula: tarehe, kosa, aliyegundua, aliyepitisha. Nilimwambia safu ya mwisho itatuletea ugomvi, tuache “kosa la mashine” inatosha.

“Mashine haina muhuri,” akasema, akanisogezea kalamu.

Nilitaka tuanze na ya mirathi, kwa kuwa iliokolewa na sisi wote tulionekana vizuri ndani yake. Yeye akataka tuanze na tangazo la walinzi. Nikaandika. Saa 8:00 usiku, aliyegundua, mteja, aliyepitisha, jina langu kamili. Chumba kilikuwa kimya kama mtihani wa taifa. Halafu kijana akaivuta kaunta buku, akaandika mistari mitatu mfululizo, mambo ya Agosti ambayo sikuwahi kuyajua na wateja hawakuwahi kuyaona. Dada wa vyeti akaandika mbili. Mpaka tunaondoka, ukurasa ulikuwa umejaa. Sijui mkufunzi gani angeweza kunipa jioni ile.

Sasa hivi ukiifungua kaunta buku ile utaona ofisi inavyofikiri. Kuna ukurasa mzima wa saa. Kuna “uncle” wa Kiingereza ambaye mashine humfanya mjomba kila mara, na kwenye mirathi mjomba na baba mdogo si mtu mmoja. Kuna “yeye”, ambaye kwa Kiingereza lazima awe mwanamume au mwanamke. Madaktari wetu wote walikuwa wanageuka wanaume na wauguzi wote wanawake, na kwenye hati moja muuguzi alikuwa babu wa watu. Kuna mstari ulioruka. Huo una alama nyekundu, kwa sababu ndio mgumu kuuona: mashine ikiruka kifungu inaziba pengo vizuri kiasi kwamba aya bado inatiririka. Tunahesabu aya na majina kwa kidole, huku na kule, kama wahasibu.

Mwalimu mwenyewe alijifunza kuitumia baada ya alasiri, watu wakishaondoka, na kijana peke yake ndiye aliyebaki naye. Hilo sikulipanga mimi. Wawili hao walielewana wenyewe, na nilipogundua nilijifanya sijaona. Mzee wa umri ule humkalishi mbele ya watoto aulize kitufe kiko wapi. Siku moja nilirudi kuchukua chaja nikamkuta anaandika kwa vidole viwili: “Habari za jioni. Naomba unifasirie aya ifuatayo kwa Kiingereza cha kisheria. Samahani kwa usumbufu.” Kijana akamwambia babu, salamu si lazima.

“Nimeshazeeka,” akasema. “Siwezi kuanza leo kutuma bila salamu.”

Hakuipenda, na sidhani kama anaipenda hata sasa. Lakini alikuja kuiheshimu kwa jambo moja. Tulipata ripoti ya mradi wa maji, kurasa 90. Zamani kazi kama ile tungeigawa kwa watu watatu, na huyu angeandika mnufaika, huyu mfaidika, huyu mlengwa, mhariri akalia machozi. Mashine ilipewa orodha ya istilahi zetu mwanzoni na kwa sehemu kubwa ikazishika hadi mwisho. “Ukurasa wa sitini haujachoka,” Mwalimu alisema akipekua, kwa sauti ya mtu anayemsifu mkwe asiyemtaka. Baada ya hapo akaanza kuiita mwanafunzi. Mwanafunzi wangu kakosea. Mwanafunzi wangu leo kaamka vizuri.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna jambo la mchapaji wetu.

Kwenye projekta ile ya Juni nilikuwa na picha moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HAKUNA ATAKAYEPOTEZA KAZI. Niliamini nilichoandika. Nilikuwa nawafikiria wafasiri. Mchapaji alikuwa amekaa karibu na dirisha, mwanamke aliyeanza na taipureta za baba, anayeweza kusoma mwandiko wa karani yeyote wa mahakama ya mwanzo, hata ule wa karatasi zilizolowa. Kazi yake ilikuwa kuchapa hati za mkono ili wafasiri wazipate zikiwa safi. Kufika mapema 2024, simu inaelekezwa kwenye karatasi, maandishi yanatoka. Yanatoka na makosa, naam, lakini wafasiri walikuwa wanayasahihisha wenyewe hapohapo wakiendelea na kazi. Meza ya dirishani ikabaki na kazi ya saa mbili kwa siku, kisha moja.

Nilijaribu kumhamishia kwenye uhakiki. Alikaa wiki tatu akaniambia kwamba yeye si mfasiri, na hataki kulipwa kwa kuhurumiwa. Laiti ningemwambia ukweli ile Juni, angekuwa na mwaka mzima wa kujipanga. Badala yake alikuwa na picha yangu ya herufi kubwa. Aliondoka Juni 2024 na kiinua mgongo nilichokikusanya kwa tabu, na siku hiyo pia kulikuwa na sambusa, wazo la nani sijui.

Jioni nilipokuwa nafunga, niliona kaunta buku iko wazi mezani kwa Mwalimu. Alikuwa ameandika mstari mpya kwa mwandiko wake wa ubaoni. Tarehe ya siku ile. Kosa: tulimwambia hatapoteza kazi. Aliyegundua: mchapaji. Safu ya mwisho aliiacha tupu, na kalamu ameilaza juu yake. Nikaijaza.

Siku hizi mchapaji ana steshenari yake Mbagala. Hati za kufasiri zikimfikia anatuletea kwa bodaboda, na bahasha anaiandika jina la Mwalimu.